Mti Husafiri, Tunda Hubaki

Tini tuliyoizoea sisi watu wa Tanga ni ile kavu, iliyobanwa ikawa bapa, inayoletwa kutoka Uturuki na kupangwa dukani jirani na tende Ramadhani inapokaribia. Ni tamu, na siidharau hata kidogo. Ila inashangaza kwamba tunda linalotajwa na kila mtu kwetu limeliwa bila kukaushwa na wachache sana. Watoto wa chuoni wanaihifadhi mapema sura ya 95, iliyopewa jina la tini, na wenzetu wa kanisani wanayajua majani ya mtini tangu habari za Adamu na Hawa. Mti wenyewe wengi wetu tungepita chini yake tusiutambue.

Sababu nimekuja kuielewa mbali na nyumbani, katika ua mdogo wa nyuma ya nyumba moja ya Brooklyn, New York. Tini haiwezi safari. Embe unalichuma likiwa gumu, unalipakia, linaivia njiani au sokoni. Ndizi vivyo hivyo, na parachichi. Tini ikishatoka mtini haiongezi utamu tena, inalainika tu. Ukiiacha mtini mpaka iive barabara, ngozi inakuwa laini kiasi kwamba ukiigusa kwa nguvu unaacha alama ya kidole, na baada ya siku mbili tatu inaanza kuchacha. Kwa hiyo mfanyabiashara amebaki na njia mbili: aichume mapema auze tunda lisilo na ladha, au aikaushe. Mti wake ni kinyume kabisa. Kata kijiti cha mtini wakati umelala usingizi wa baridi, kifunge kwenye karatasi yenye unyevu, kitakaa wiki nyingi bila udongo wala jua, na ukikichomeka ardhini kitatoa mizizi. Anayetaka kula tini yenyewe hana budi aifuate iliko, au apande mti mlangoni kwake.

Nilikuwa Jersey City kwa dada yangu, ambaye ni muuguzi, mwezi wa Septemba. Siku niliyofika alinitolea kwenye friji kisanduku cha tini nyeusi kutoka California, maana anajua ninavyozipenda zile kavu. Zilikuwa nzuri kwa macho. Nilipopasua moja nikakuta ndani rangi ya waridi iliyopauka, na mdomoni nikapata maji na chembechembe za mbegu, basi. Dada alinitazama usoni, hakuuliza. Kesho yake alimsimulia mwenzake wa wodini, mwanamke mwenye asili ya Italia, na jibu lililorudi lilikuwa la mkato: "Mwambie asile tena za dukani. Jumapili mje kwa baba."

Jumapili tukapanda treni ya PATH pale Journal Square hadi mwisho wa njia, Manhattan, tukahamia treni ya D. Treni hiyo inatoka chini ya ardhi na kuvuka Mto East juu ya Manhattan Bridge, inazama tena, kisha inaibuka Brooklyn na kupanda juu ya nguzo za chuma katikati ya barabara ya New Utrecht. Hapo dirisha lako linakuwa sawa na ghorofa ya pili ya nyumba za watu. Kati ya nyumba na nyumba unaona kamba za kuanikia nguo, nyanya zilizofungwa kwenye miti, na hapa na pale majani mapana yaliyogawanyika vidole vidole. "Ile pale," dada alisema, na kabla sijageuka ikawa imeshapita. Baada ya kujua cha kutafuta, nikaanza kuiona kila mahali.

Tulishuka 18th Avenue, mtaa wa Bensonhurst. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita huu ulikuwa mtaa wa Waitaliano, na barabara hiyo bado ina jina la pili, Cristoforo Colombo Boulevard. Siku hizi mabango mengi ya maduka ni ya Kichina. Wazee wa Kiitaliano waliobaki unawatambua kwa bustani zao.

Mwenyeji wetu alitufungulia geti mwenyewe. Ni mzee mfupi, fundi wa matofali aliyestaafu, aliyetoka mkoa wa Cosenza, Calabria, kusini mwa Italia, akiwa kijana katika miaka ya 1960. Ua wake si mkubwa kuliko sebule ya nyumba ya kawaida. Kwenye ukuta wa matofali unaoelekea kusini imesimama mitini mitatu mikubwa iliyopandwa ardhini, na sehemu iliyobaki imejaa mapipa, ndoo na vyungu, kila kimoja na mtini wake na kibao kilichoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Ukuta ule hakuuchagua kwa bahati. Unanyonya jua mchana kutwa na kuurudishia mti joto usiku. Thomas Jefferson alifanya hivyo hivyo Monticello, Virginia: alipanda tini zake za Marseilles chini ya ukuta wa mawe wa bustani ili zipate joto la ziada.

Nilinyoosha mkono kwenye tini moja nyeusi iliyojaa, nikidhani imeiva. Mzee akanizuia kwa upole.

"Usitazame rangi. Tazama shingo."

Akanionyesha. Tini changa husimama, imekaza kikonyo, ikielekea juu au pembeni. Inapoiva shingo inalegea na tunda linaning'inia kichwa chini. Kisha ngozi inapata mipasuko myembamba myeupe, na kwa bahati njema utakuta tone la asali limeganda kwenye jicho, ule mdomo mdogo ulio upande wa chini wa tunda. Aliishika moja kwa vidole vitatu, akaiinua juu kidogo, ikaachia. Haikutoa utomvu hata tone. Utomvu mweupe ukitoka kwenye kikonyo, alisema, umeichuma kabla ya siku yake. Utomvu huo si wa kuchezea: ukikaa kwenye ngozi ya mkono nawe ukapigwa na jua, unababuka. Ndiyo maana wakati wa kukata matawi anavaa mikono mirefu, hata joto liwe kali namna gani.

Hiyo ya kwanza ilikuwa ya mti uliomtoa machozi alipokuwa akiuelezea. Inaitwa Dottato. Ni ya kijani inayoelekea manjano, na ndani ina rangi ya kaharabu. Kijiti chake kilivuka Atlantiki ndani ya sanduku la nguo la kaka yake, kimefungwa gazeti lililoloweshwa. Huko Cosenza ndiyo wanayoianika juani, wakaipasua, wakaijaza lozi na kuibana pamoja kwa umbo la msalaba, na jina la tini kavu za Cosenza linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2011. California mti huo huo unaitwa Kadota. Utamu wake ni wa asali tupu, mzito, usio na uchachu, na mbegu zinapasukia menoni.

Baada ya hapo akanitembeza chungu kwa chungu, na ndipo nilipoelewa kwa nini mtu mmoja anahitaji aina zote hizi. Hazifanani. Kuna Celeste, ndogo, ya zambarau inayoelekea hudhurungi, inayopendwa sana majimbo ya kusini ya Marekani. Jicho lake limefumba kabisa, hivyo mvua haiingii ndani na sisimizi hawapati mlango. Kuna Hardy Chicago, nyeusi, nyekundu ndani, yenye ladha inayokaribia stroberi. Kuna Brown Turkey, kubwa, ya kupendeza, ambayo mzee anaitunza kwa sababu mkewe anaitengenezea jamu. Yeye mwenyewe haimvutii sana. Kuna ile yenye mistari ya kijani na manjano kuanzia kikonyoni hadi jichoni, Panachée, ambayo wageni wote huipiga picha kwanza, lakini inataka joto refu sana na mwaka ule ilikuwa bado ngumu.

Halafu kuna Violette de Bordeaux. Mti wake ni mfupi, unaridhika na chungu, na tunda lake ni dogo, jeusi kama limepakwa wino. Mzee aliipasua kwa vidole gumba viwili na kunipa nusu. Ndani ilikuwa nyekundu iliyokolea, inang'aa, nzito, haichuruziki. Niliiweka ulimini nikanyamaza. Kulikuwa na utamu, na nyuma yake uchachu mdogo wa zambarau mwitu, na mwishoni kitu kinachokaribia divai ya zabibu kabla haijawa divai. Mke wake, aliyekuwa amekaa kibarazani akimenya zake kwa kisu, alimwambia dada yangu kuwa kula tini na ganda ni ushamba. Mzee akala ya kwake na ganda akimtazama. Nadhani mabishano hayo yana umri wa ndoa yao.

Mimi nimekulia jirani na mikuyu, na ninajua kuyu lililoiva vizuri kwa nje ukilipasua utakuta vijidudu. Mkuyu na mtini ni wa ukoo mmoja. Nikauliza kama na humu ndani mna wadudu, na swali hilo likamfurahisha mzee kuliko sifa zote nilizokuwa nimemmwagia.

Tini unayoila, alieleza, ni kifuko chenye maua mamia yaliyofungiwa ndani, na zile chembe unazotafuna ni mazao ya maua hayo. Katika mitini ya mwitu, na katika aina kadhaa za shambani, maua hayo yanachavushwa na nyigu mdogo sana, mwenye urefu wa milimita mbili hivi. Jike hujipenyeza kwenye jicho, mlango wenyewe ni mwembamba hata mabawa yanakatika. Akiwa kwenye tini dume, anataga mayai. Akiwa kwenye tini tunayokula, hapati pa kutagia. Anachavusha, anafia humo, na tunda linamyeyusha. Nyigu huyo hayupo Brooklyn. Mitini yote ya ua ule ni ya aina inayozaa bila kumhitaji, kwa hiyo nikale kwa amani.

Kuna mkasa maarufu hapa. Katika miaka ya 1880 wakulima wa California waliagiza maelfu ya vijiti vya tini za Smirna, mji ambao leo ni Izmir, kwa kuwa ndizo zilizokuwa zikitawala soko la tini kavu. Miti ikashika, ikashamiri, ikatoa vitunda vilivyosinyaa na kudondoka. Miaka ikapita hivyo. Wapo walioamini kwamba wameuziwa miti isiyo yenyewe. Kumbe kijiti kilikuwa kimesafiri na nyigu amebaki. Wakulima wa Uturuki walijua siku zote kwamba mwezi wa Juni lazima utundike tini dume matawini, nyigu watoke na chavua waingie kwenye zile za kula. Nyigu alipata makazi California mwaka 1899, katika mashamba ya George Roeding kule Fresno, na tini hiyo ikapewa jina la Calimyrna, nusu California, nusu Smirna.

Na huo uwezo wa kuzaa bila nyigu una historia ndefu kuliko zote. Mwaka 2006 watafiti walieleza katika jarida la Science habari za tini tisa zilizoungua na kubaki makaa, zilizofukuliwa Gilgal, Bonde la Mto Jordan, zenye umri wa miaka kama 11,400. Walizitambua kuwa za aina isiyohitaji nyigu, ambayo mbegu zake haziwezi kuota, wakahitimisha kuwa kuna mtu aliyekata tawi akalichomeka ardhini, kabla hata ngano na shayiri hazijawa mazao ya shamba. Wenzao wengine hawakukubali hitimisho hilo moja kwa moja. Mimi nikiwa nimesimama na nusu ya tini mkononi niliamini bila shida. Mtu aliyeonja tunda kama lile na akaona haliwezi kufika nyumbani, angefanya nini tena?

Adui wa mzee ni kindi. Wanapita juu ya nyaya za umeme alfajiri na kung'ata kila tini mara moja. Ndege nao hawako nyuma. Kwa hiyo kila tini inayoanza kulegea shingo anaivika kifuko cha wavu mwepesi chenye uzi wa kuvuta, vile vile vinavyotiwa lozi na kugawiwa wageni harusini, na mwezi wa Septemba mti mzima unakuwa umevaa vifuko vyeupe na vya waridi. Aliniambia pia siri ya bibi yake: tini inapokaribia kuiva na baridi inapiga hodi, chovya kijiti chenye pamba kwenye mafuta ya zeituni, gusa jicho la tunda mara moja. Litaiva mapema kuliko wenzake wa tawi lile lile. Nilimwona akifanya, taratibu, kama mtu anayemtia mtoto dawa ya jicho. Bibi yake hakuitunga siri hiyo. Ni desturi ya kale ya nchi za Mediterania, na wataalamu wa mimea wamethibitisha kwamba inafanya kazi, ilimradi tunda liwe limefikia kipindi chake.

Niliongeza muda wa kukaa ili nishuhudie yanayotokea mwezi wa Novemba, majani yakishapukutika.

Mtini uliokomaa huanza kuumia joto likishuka hadi nyuzi 10 hivi chini ya sifuri. Matawi yanakufa hadi ardhini. Mizizi itachipua tena Aprili, lakini mavuno yanachelewa, na kwa aina nyingi baridi inarudi tini zikiwa bado kokoto. Hardy Chicago inasifiwa kwa sababu hiyo: hata ikifa juu, chipukizi jipya huweza kuzaa na kuivisha mwaka ule ule. Dottato haina subira hiyo, na mzee hataki kuupoteza mti wa kaka yake. Kwa hiyo anauvisha.

Kazi ilianza asubuhi. Kwanza alikata ncha ndefu. Kisha kamba ikazungushwa kuanzia chini, kidogo kidogo, matawi yakivutwa pamoja mpaka mti uliokuwa na upana wa chumba ukawa mnara mwembamba. Tawi moja la upande lilikataa kupinda. Mzee alilishika kwa mikono miwili, akalisukuma, akalipumzisha, akalisukuma tena, akisema nalo Kikalabria. Baada ya kamba yakaja magunia, juu ya magunia zulia kuukuu la sebuleni, juu ya zulia turubai, na nafasi za katikati zikashindiliwa majani makavu. Mwisho ngazi ikaletwa na ndoo ya plastiki ikafunikwa kileleni, mvua na theluji visiingie. Zamani, akiwa na nguvu, aliufanyia wa pili kazi kubwa zaidi: anachimba handaki, anakata mizizi ya upande mmoja, anaulaza mti mzima ndani, anaufunika kwa mbao na udongo hadi majira ya machipuko. Ile ya vyunguni haina taabu. Inaingizwa gereji penye giza na ubaridi usiofikia kugandisha, inapewa maji kidogo sana, inalala.

Aliyeshika ngazi alikuwa jirani, kijana wa Kichina anayeishi nyumba ya pili. Alipohamia hakuujua mti huu. Mzee alimpitishia kijiti juu ya uzio, na sasa ana vyungu vyake juu ya magurudumu na daftari la tarehe za kuiva, na ndiye anayemtafutia mzee aina mpya kwa wakuzaji wa mitini wa majimbo mengine. Zipo aina zinazosakwa kiasi kwamba kijiti kimoja kinauzwa kwa bei ya kushangaza, kama ile Black Madeira. Kijana anazitamani. Mzee anasema tini ya kununua kwa bei ya mbuzi haiwezi kuwa tamu kuliko ya bure. Katika hilo niko na mzee, ingawa Black Madeira sijaionja.

Zile ncha alizokata hazikutupwa. Alichagua zenye unene wa penseli, urefu wa shubiri moja, zenye vifundo vilivyokaribiana, akazifunga kwa kamba kila aina peke yake na kuzizungushia karatasi yenye unyevu. Akanikabidhi furushi.

Nilimrudishia. Ilinibidi nimweleze kwa kirefu, kwa kuwa kwake yeye kijiti ndani ya sanduku la nguo ndiyo historia nzima ya familia. Lakini vijiti vinabeba pia maradhi, hasa ule ugonjwa wa virusi unaoyatia majani ya mtini madoa ya manjano, na hauponi. Tanzania kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na mmea hauingii bila kibali cha kuuingiza na cheti cha afya kutoka nchi unakotoka. Sitaki kuwa mtu aliyeleta balaa Usambara kwa ajili ya ulafi wake. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akaliweka furushi kwenye friji yake, rafu ya chini, akasema litakaa huko hadi karatasi zipatikane, na zikichelewa atakata vingine mwakani.

Kisha akaniuliza maswali. Huko kwenu baridi inafika wapi? Mvua zinanyesha miezi gani? Nilimwambia Lushoto, kwa mjomba wangu ninakotaka kuipanda, kuna ubaridi wa milimani lakini hakuna theluji, na mvua kubwa ni za Machi hadi Mei. Alifikiri. Mtini hauhitaji kugandishwa, alisema, unahitaji jua wakati wa kuivisha na miguu isiyosimama majini. Unazaa kwenye chipukizi jipya, basi ukate kwa hesabu, chipukizi likue na mvua na tunda liive kwenye kiangazi. Anza na Celeste, jicho lake limefumba, mvua ya kushtukiza haitaichachusha. Weka Violette de Bordeaux kwenye chungu uweze kuihamisha. Dottato ipande ya mwisho, ukishajua unachofanya.

Maombi ya kibali cha aina hizo tatu nimeyaanza. Mjomba wangu wa Lushoto amekwisha chimba shimo la kwanza kwenye ukuta wa nyumba unaoelekea kaskazini, unaopata jua miezi ya Juni na Julai, akalijaza samadi iliyooza vizuri. Ameniuliza kitu kimoja tu kwenye simu, kama mbuzi wanakula majani ya mtini. Wanakula, tena kwa hamu. Kwa hiyo kabla ya mti utakuja uzio.